Boti ya Betri na Mnyororo wa Mwenyekiti

Watu wakisikia kwamba ninaendesha boti kwenye Nile, huniuliza nani alinifundisha kuogelea. Sijui kuogelea. Nilizaliwa Midia, upande wa Koboko, na maji mengi kuliko yote niliyoyaona utotoni ni yale yaliyofurika mtaroni mvua ikinyesha kwa hasira. Tulikuwa watu wa mihogo na simsim, yaani ufuta. Baba alikuwa askari, akastaafu, akarudi nyumbani na Kiswahili cha kambini, na kwa Kiswahili hicho akatugombeza, akatubembeleza na kutuamsha asubuhi. Mambo ya mto sikuyajua. Nilichokijua mimi ni betri.

Kibanda changu cha kwanza kilikuwa Koboko mjini, karibu na pale malori yanapolala yakielekea Oraba, mpakani. Nilianza kwa kuchaji simu, kama wengine wote. Halafu madereva wakaanza kuniletea betri za malori. Mtu amekwama mpakani akisubiri karatasi zake, anasikiliza redio, anawasha taa, anachaji simu za wenzake, na siku ya kuondoka anageuza ufunguo, gari linakohoa na kunyamaza. Basi anakuja na betri begani, maji yake makali yanamtiririkia shati. Shati lile baada ya kufuliwa mara moja linabaki matundu matupu. Na mimi magauni yangu yote ya wakati ule yalikuwa na matundu, hata la kanisani.

Nilijifunza betri kwa mikono. Iliyovimba ubavuni nilikuwa naijua kabla haijashushwa chini. Iliyokauka ndani nilikuwa naisikia uzito. Nilijifunza kwamba kazi haiiui betri haraka kama kuachwa tupu: ukiimaliza mpaka mwisho, kisha ukaisahau pembeni wiki nzima, umeizika. Nilijifunza pia kwamba mwanamke akishika kazi ya aina hii kila mpita njia ana neno. Dereva mmoja aliniambia mvuke wa betri utanikausha tumbo nisizae.

Nikamwambia, "Tumbo ni langu, betri ni yako. Unataka nishughulike na ipi?"

Akaacha betri, akarudi jioni kuichukua ikiwa imejaa.

Baadaye nilihamia Arua, nikapata chumba cha duka upande wa barabara ya Vurra. Kazi ilikua. Sikuwa na sababu yoyote ya kwenda kutafuta shida majini, na nisingekwenda kama si shangazi yangu.

Shangazi, mdogo wake baba, aliolewa ng'ambo ya Nile. Kutoka Arua barabara inashuka upande wa mashariki, vumbi na mashimo, mpaka inaishia kwenye mwalo, mahali boti zinapofunga. Yeye anakaa ukivuka hapo. Mume wake alifariki, watoto wakatawanyika, naye akakataa kabisa kurudi Koboko. Ana mguu wenye kidonda cha miaka, kidonda kinachofunga na kufumuka. Zahanati inayomsafishia iko upande wetu wa mto. Kwa hiyo kila wiki lazima avuke.

Boti za mwalo ule zilikuwa za petroli, na boti ya petroli haiondoki mpaka ijae. Shangazi alikuwa akikaa ufukweni toka asubuhi, mguu umemvimba, akisubiri watu. Boti ikikaribia kujaa, anatokea mtu na magunia ya samaki, magunia yanapakiwa, yeye anaambiwa asubiri nyingine. Siku moja nilipoenda kumtembelea nilimkuta nyumbani na bandeji ile ile ya wiki mbili nyuma. Ilikuwa imegandamana na ngozi. Harufu niliisikia mlangoni.

"Kwa nini hukuvuka?" nikamuuliza.

"Samaki walivuka," akasema.

Niliketi pale, nikaibandua bandeji ile kwa maji ya uvuguvugu, yeye akitazama ukutani bila kutoa sauti. Nilipomaliza nilimwambia, "Shangazi, nitanunua boti." Alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwa na mahali pa kuiweka, na hasira ya namna hiyo ikinipata huwa natafuta kazi ya kufanya.

Mtumbwi niliupata kwa mvuvi aliyekuwa anaacha uvuvi. Ulikuwa wa mbao, mpana kiasi, wa watu wanane wakikaa kwa adabu. Injini ya petroli sikuitaka. Petroli mwaloni hapo iliuzwa na mtu mmoja tu, mwenyekiti wa mwalo, kwa madumu, na siku yeye akikukasirikia petroli imekwisha. Sikutaka shangazi yangu awe chini ya dumu la mtu. Nami nilikuwa nimeona kitu Arua: mgeni mmoja aliyekuwa akichunguza ndege wa majini alikuwa na injini ndogo ya umeme, ndefu kama mwiko, yenye pangaboi dogo mwishoni. Aliitumia ili asiwashtue ndege. Alikuwa akichaji betri zake dukani kwangu. Alipokuwa anarudi kwao nilimwomba aniuzie, akaniuzia.

Nilifunga betri mbili kubwa, zile za sola zilizotengenezwa kutumika polepole, si za gari. Betri ya gari imezoea kutoa nguvu kwa pigo moja na kupumzika. Ukiiendesha mto mzima kila siku inakufa mapema. Juu ya kijipaa cha turubai nikafunga paneli ya sola. Vichwa vya betri, pale nyaya zinaposhikia, nilivisugua mpaka vikang'aa, nikavipaka mafuta mazito ya kujipaka ili unyevu usivile na kuota ule unga wa kijani. Betri zenyewe nilizipandisha juu ya ubao, maana ndani ya mtumbwi wa mbao hakukosi maji, na nikazifunga kwa mikanda ya mpira iliyokatwa kwenye tairi, zisicheze mtumbwi ukiyumba. Juu nilifunika kwa turubai.

Siku niliyoishusha boti mwaloni watu walikuja kutazama kama wanaotazama msiba. Wenye boti walicheka. Mmoja aliuliza kama nitaweka na pasi nipige nguo nikivuka. Mwenyekiti wa mwalo alikuja mwishoni. Ni mzee mnene, ana sauti nzito, na amezoea watu wanyamaze akikohoa.

"Mama, hii kitu nakwenda na nini?"

"Betri, mzee."

"Betri iko kazi ya tochi."

"Na ya lori pia, mzee. Lori halianzi bila betri."

Alinitazama. Sidhani kama alikuwa amezoea kujibiwa. Nilishika mpini, nikazungusha, mtumbwi ukajitenga na ufukwe bila kelele. Kilichosikika ni maji tu. Nilipogeuka niliona wamenyamaza wote, na nakiri nilifurahia kimya kile kuliko ilivyompasa Mkristo kufurahi.

Nilipanga kukaa mwaloni siku tatu za wiki na dukani siku zilizobaki, ambako binti niliyemfundisha kazi aliniangalizia. Lakini abiria walipatikana upesi. Wanawake wa sokoni waligundua kwamba boti yangu inaondoka hata ikiwa na watu watatu, kwa kuwa jua halininyimi. Sheria zangu zilikuwa chache na sikuzilegeza. Kipimo kikinionyesha betri zimefika nusu, safari zimekwisha mpaka jua lizirudishe, hata kama umati umesimama ufukweni ukinitukana. Hakuna kuvuta sigara ndani. Hakuna kuchaji simu.

Hii ya sigara ilinigombanisha na shangazi mwenyewe. Yeye huvuta. Mara ya kwanza alipopanda, akiwa malkia wa boti, alitoa kiberiti.

"Shangazi, hapana. Betri zikichajiwa zinatoa mvuke, na mvuke ule unashika moto."

"Mimi nimekubeba mgongoni."

"Ndiyo, shangazi."

"Ukanikojolea."

"Ndiyo, shangazi. Lakini kiberiti hapana."

Alikirudisha kiberiti kifuani, akavuka mto mzima bila kusema nami. Wiki iliyofuata alikuwa yeye anayewapokonya wengine sigara, tena kwa maneno makali ambayo mimi nisingeyathubutu.

Na hii ya simu ilinigombanisha na afande. Pale mwaloni pana askari wachache wa kulinda mto, na mkubwa wao, kijana mrefu wa sauti ya chini, alikuja siku moja na simu tatu na redio mbili. Akaziweka juu ya ubao wa boti yangu kama mtu anayeweka chakula mezani kwake.

"Chaji hizi, mama. Nitachukua jioni."

"Hapana, afande."

"Hapana?"

"Hizi betri ni za kuvusha watu. Nikianza na yako nitamaliza na ya kila mtu, halafu katikati ya mto injini izime, tusukumwe na maji mpaka kwenye viboko. Ukitaka, duka langu liko Arua. Pale nitakuchajia."

Watu waliokuwa wanapanda walijifanya hawasikii. Afande alikusanya simu zake moja moja, taratibu, akaondoka. Nilijua nimejitengenezea adui wa pili. Nikafungua kamba, tukaondoka.

Kisha ikaja siku ya jembe.

Ilikuwa asubuhi ya soko. Mtumbwi ulikuwa umejaa, na mwanamke mmoja alikuwa na jembe jipya lisilo na mpini, bati lake linang'aa, amelifunga kwenye khanga, makali yametokeza nje. Nilimwambia aliweke mbele. Alilipitisha kwa mwenzake, mwenzake akampa mwingine, na huyo wa mwisho, kwa kukosa nafasi, akaliteremsha juu ya turubai lililofunika betri. Turubai lilikuwa limelegea. Tulipofika katikati, mtumbwi ulipanda wimbi la boti nyingine, jembe likateleza chini ya turubai, likalala juu ya vichwa viwili vya betri kwa mpigo mmoja.

Kulikuwa na mlio kama mjeledi, na mwanga wa buluu. Khanga ikaanza kufuka moshi. Watu wote wakasimama kwa pamoja, na mtumbwi wa watu wanane wakisimama kwa pamoja ni nusu ya jeneza. Maji yaliingia upande wa kushoto.

"Kaa chini!" nikapiga kelele, kwa ile sauti ya baba ya kambini ambayo sikujua ninayo. "Wote! Kaa!"

Walikaa. Nililisukuma jembe kwa kasia la mbao, likaruka mtoni, khanga ikalifuata. Nikakata waya kwa koleo langu lenye mpini wa mpira. Injini ikazima. Hakuna aliyeungua, hakuna aliyedondoka. Tulipiga makasia mpaka ng'ambo, watoto wakilia, mwenye jembe akilia zaidi yao. Jembe jingine nilimnunulia baadaye. Lakini kabla hatujagusa ufukwe habari ilikuwa imeshavuka mto kututangulia sisi.

Mwenyekiti aliita mkutano siku hiyo hiyo, niliporudi upande wetu, chini ya bati la soko la samaki. Wenye boti za petroli walikaa mbele. Mimi sikupewa kiti, nikasimama.

"Sisi naona kwa macho," mwenyekiti alianza. "Hii boti ya umeme iko hatari. Leo ilipiga moto. Kesho umeme naingia ndani ya maji, naua watu, naua samaki. Mimi nasema, hii boti isivuke tena hapa. Imekwisha."

Wakapiga makofi. Niliomba kusema. Hakunipa ruhusa, nikasema hivyo hivyo.

"Mzee, moto ulitoka kwa sababu chuma kiligusa mahali pasipostahili kuguswa, na kifuniko changu kilikuwa dhaifu. Hilo nitalitengeneza. Mwaka jana boti ya petroli iliwaka moto hapa hapa, yule kijana mpaka leo ana makovu mikononi. Mlizuia petroli?"

Sikungoja jibu. Nilitoka nje, nikashuka mpaka kwenye boti yangu, nikaunganisha tena ule waya mbele ya macho yao, maana wote walikuwa wamenifuata wakidhani ninakimbia. Nikawasha injini. Nikainama, nikatia mkono wangu wote majini mpaka kwenye kiwiko, kando ya pangaboi linalozunguka. Nikauacha humo.

"Nani anakufa?" nikauliza. "Samaki gani amekufa? Nionyesheni."

Watoto walicheka. Mwanamke mmoja wa sokoni akavua ndala, akaingia majini mpaka magotini, akasimama pale akinitazama. Mwenyekiti alisema mkutano umekwisha na uamuzi ni ule ule.

Nilizibeba betri zangu kwa boda nikarudi Arua. Usiku ule sikulala kwa hasira, lakini asubuhi nilikwenda kwa fundi seremala ninayemfahamu, nikamchorea mchangani nilichokitaka. Sanduku la mbao ngumu, la kuzitosha betri mbili bila kucheza. Sakafu yake inyanyuliwe, maji ya boti yapite chini bila kuzigusa. Mfuniko mzito wa kufunga kwa komeo, wenye mteremko, ili mtu asiweze hata kuweka kikombe juu yake. Matundu ubavuni, juu kabisa, yatazame chini, mvuke utoke na mvua isiingie.

"Mama, hii ni nyumba ya kuku," fundi akasema.

"Kuku wangu wanataga umeme. Piga msumari."

Ndani nilipaka rangi ya mafuta mara mbili. Nilivivisha vichwa vya betri kofia za mpira. Karibu kabisa na betri nilifunga fyuzi nene, ili siku nyingine chuma kikigusa nyaya huko nje, fyuzi ife badala yetu. Niliweka na swichi kubwa nyekundu ya kukata kila kitu kwa mkono mmoja. Nilitandika unga wa magadi sakafuni mwa sanduku, maana maji makali ya betri yakimwagika magadi huyapoza. Kila nilichokifanya nilikifanya nikimsikia mzee yule akisema *imekwisha*.

Nilirudi mwaloni na sanduku na betri zangu siku ya zahanati ya shangazi. Kumbe habari ilinitangulia tena. Nilikuta mtumbwi wangu umefungwa kwa mnyororo wa chuma kwenye nguzo ya mwalo, na kufuli la kutisha juu yake. Ng'ambo nilimwona shangazi, mdogo kama kidole, amekaa kwenye kigogo chake akisubiri.

Nilimwendea mwenyekiti, alikuwa kwenye madumu yake.

"Shikamoo, mzee. Naomba ufunguo."

"Ufunguo hakuna."

"Shangazi yangu anangoja."

"Boti iko nyingi. Avuke na nyingine."

"Amevuka na nyingine miaka yote, mzee. Mguu wake unaoza."

Alinipa mgongo, akaendelea kupima petroli. Kuna kilio ambacho ukikiruhusu kutoka mbele ya mtu kama yule, umemlipa. Nikakimeza. Nilipanda boda mpaka kituo cha biashara kilicho juu ya barabara, nikanunua msumeno wa kukatia chuma na vipande vya meno vya akiba, nikarudi.

Nikaketi mchangani, mchana kweupe, nikaanza kukata.

Mnyororo mnene haukatiki upesi. Sauti yake ilikwenda mwalo mzima. Boti zilizokuwa zinapakia zikaacha kupakia. Wenye petroli walikuja, wakaunda duara, mwenyekiti akafika akihema.

"Mama, wewe naharibu mali ya mutu!"

"Nakata kilichofunga mali yangu, mzee."

"Nitaita askari!"

"Ita."

Jasho liliniingia machoni. Kipande cha kwanza cha msumeno kilivunjika, nikafunga kingine. Viganja vilitoka malengelenge. Hakuna aliyenisaidia na hakuna aliyenizuia, na sijui mpaka leo lipi kati ya hayo lilinitia nguvu. Halafu yule mwanamke wa sokoni aliyeingia majini siku ya mkutano akatoka kwenye duara, akachuchumaa mbele yangu, akaushika mnyororo kwa mikono miwili ukaacha kuchezacheza. Msumeno ukaanza kuuma vizuri.

Askari waliitwa kweli. Alikuja yule yule afande mrefu niliyemnyima chaji. Niliposikia buti zake nilijua leo nalala ndani. Sikuacha kukata.

"Nini hapa?" akauliza.

Mwenyekiti alieleza kirefu: moto, jembe, hatari, uamuzi wa mkutano. Mimi nilikata. Afande alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaugusa mnyororo kwa ncha ya buti.

"Hii mnyororo iko ya nani?"

"Yangu," akasema mwenyekiti.

"Na boti?"

"Yangu, afande," nikasema.

Afande alifungua mfuniko wa sanduku langu lililokuwa pale mchangani, akachungulia. Akagonga mbao kwa kidole. Akauliza ile swichi nyekundu ni ya nini, nikamwambia. Akaibonyeza, akaibonyeza tena, kama mtoto. Kisha akafunga.

"Basi kila mutu achukue yake," akasema, akaenda zake kivulini.

Mnyororo ulikatika muda si mrefu baada ya hapo. Niliukunja vizuri, vipande vyote viwili pamoja na kufuli, nikampelekea mwenyekiti mkononi. Hakuupokea, nikauweka miguuni pake. Nikapakia sanduku, nikafunga mikanda, nikaunganisha nyaya. Sikuwa na abiria hata mmoja. Nilivuka peke yangu, viganja vikivuja damu kwenye mpini, na huko katikati, ambako hakuna wa kuniona, ndipo nililia. Nililia kwa sauti mpaka nikafika.

Shangazi alinyanyuka kwenye kigogo chake. Alikuwa ameona yote toka mbali bila kusikia neno.

"Ulikuwa unapika nini pale, muda wote huo?"

"Nilikuwa nakata mnyororo."

Alinishika mikono, akaigeuza, akaitazama. Akachana upindo wa kitenge chake, akanifunga kiganja kimoja, kisha kingine. Alipanda, akakaa juu ya mfuniko wa sanduku ambao nilikuwa nimeutengeneza makusudi usikaliwe, akateleza, akanitukana mimi na fundi wangu, akahamia kwenye ubao. Tukavuka.

Ilichukua muda watu kurudi. Wiki za mwanzo nilivuka na shangazi na yule mwanamke wa sokoni, pengine na mtu mmoja aliyechelewa boti nyingine. Wakati mwingine nilivuka mtupu, makusudi, kwenda na kurudi, ili waizoee sura ya boti ile ikifika salama. Mvua za mwisho wa mwaka zilipokuja, mtumbwi ukajaa maji mara mbili kutoka juu, na mara zote mbili nilifungua sanduku nikakuta betri ni kavu. Mambo kama hayo hayatangazwi na mtu, lakini wanaojua mto waliona. Mmoja wa wenye boti za petroli, yule aliyeniuliza kuhusu pasi, alikuja kando siku moja akaniuliza kwa nini betri yake ya kuwashia taa hufa kila baada ya miezi michache. Nilikwenda kuitazama. Ilikuwa imelala kwenye maji machafu chini ya injini, vichwa vimeota unga wa kijani. Nilimsafishia, nikamwonyesha pa kuipandisha. Akashukuru, akaniomba nisimwambie mwenyekiti.

Afande alifika dukani kwangu Arua na zile simu na redio. Nilimchajia zote. Kuchajia kwenye boti sikumruhusu, na hakuniomba tena.

Mguu wa shangazi haujapona. Unafunga, unafumuka, lakini hauna tena ile harufu, na muuguzi anasema nyama yake ni nyekundu, nzuri. Nimemsihi ahamie kwangu Arua. Anasema Arua ina kelele.

Na mwenyekiti hajauondoa uamuzi wake. Hajawahi kusema nimeruhusiwa, na mimi sijawahi kumwomba tena. Siku za soko nikiwa napakia, husimama juu pale kwenye madumu na kupaza sauti kwamba boti hii ni hatari, imekatazwa, mutu asipande. Namwamkia kwa heshima, kwa kuwa ni mzee. Kisha naendelea kupakia. Juzi mama mmoja mgeni, mkimbizi kutoka Sudani Kusini mwenye mtoto mgongoni, alisita na mguu mmoja ndani ya boti.

"Yule mzee nasema nini?"

"Anasema tusivuke."

"Kwa nini?"

"Sijui, mama. Ukipenda, panda juu ukamuulize. Sisi tunaondoka."

Alimtazama mzee, akanitazama mimi, akatazama ng'ambo. Akaingiza mguu wa pili, akaketi, akamzungusha mtoto mapajani. Nikawasha.